Kombe la Abernathy: Tikitimaji Ndani ya Sanduku

Msomaji, wiki iliyopita tulimwacha Orest Didychuk amepiga magoti kwenye zulia la hoteli mjini Moose Jaw, asubuhi ya fainali, mkono mmoja umeshika kifuniko cha sanduku na mwingine umeziba mdomo. Uliniuliza kaona nini. Leo nakujibu.

Aliona tikitimaji.

Kitako cha kombe kilikuwepo, kizima kabisa, mbao nyeusi na vibati vyake vya fedha vyenye majina ya mabingwa. Lakini juu yake, pale linapokaa bakuli la fedha la mzee Abernathy, palikuwa na nusu ya tikitimaji iliyokombwa nyama ikabaki ganda, na matundu mawili ya masikio. Ndiyo ile kofia wanayovaa mashabiki wa timu ya Wavunaji wa Moose Jaw hata theluji ikiwa inamwagika.

"Doreen," akaita, sauti imemkauka. "Mke wangu, njoo uniambie kama naota."

Doreen alikuwa mbele ya kioo anajichana. "Huoti," akasema bila kugeuka. "Nililiweka mimi."

"Uliliweka?"

"Jana usiku kitako kilikuwa kinachezacheza ndani ya sanduku. Shabiki mmoja kasahau kofia yake mezani, nikaichomeka juu. Imekaa kama imepimwa. Shukrani zenyewe ndiyo hizi?"

"Na bakuli liko wapi?"

Kitana kikasimama katikati ya nywele. "Si unalo wewe?"

Orest akalipekua sanduku lote. Mwanamume huyu ndiye mlinzi wa kombe. Kazi yake ni kulibeba kwa glavu nyeupe, kulipangusa, kulilaza, na kuliwekea kiti cha dirishani kwenye ndege. Watu husema analipenda kuliko mkewe. Doreen hukanusha, anasema wanalingana.

Na lazima aliogopee, maana sijui chombo kingine kilichoteswa namna hii. Kwanza halikuundwa kuwa kombe. Abernathy, tajiri wa reli, aliliagiza liwe bakuli la supu kwenye harusi ya bintiye. Bwana harusi akatoroka na mpishi. Tajiri akaona haya kulirudisha dukani, akawapa vijana wanaocheza ule mpira wetu wenye ncha mbili. Ndiyo maana lina mikono miwili yenye vichwa vya batamzinga, na hakuna mtu aliyewahi kueleza batamzinga wanahusika vipi na michezo.

Mabingwa wa kwanza walibatizia mtoto ndani yake. Waliofuata walilisahau kwenye treni, likafika Vancouver peke yake. Beki mmoja mwenye umbo la friji alilikalia. Nahodha wa Brandon akalipiga kichwa kwa furaha, bakuli likabonyea na nahodha akashonwa. Kitako nacho kilianza kama kigoda cha kawaida, kisha kila majina yalipojaa kikaongezwa ghorofa, mpaka sasa kombe zima linamfika Orest kifuani.

Lakini tangu Orest avae zile glavu, halijapata hata mkwaruzo. Hilo ndilo jambo pekee maishani analojivunia waziwazi.

Mlango ukagongwa.

"Bwana Didychuk? Ni mimi."

Alikuwa Bi Philippa Carruthers, mkurugenzi wa ligi, mama wa Toronto asiyevaa kofia kwenye baridi kwa sababu itamharibia nywele. Orest alinyakua kitambaa cha kijani cha mahameli, kile cha kulifunikia kombe, akakitupa juu ya kitako na tikitimaji lake. Kikashuka vizuri. Kwa mbali ungeapa kuna bakuli chini yake.

Bi Carruthers aliingia na kitu kirefu cha kioo mikononi, kimepinda upande mmoja, akakiweka mezani.

"Kombe jipya," akasema. "Huu ni mfano tu. Wabunifu wanasema linaonyesha mwendo."

"Linaonyesha toroli la dukani limepinduka," akasema Doreen.

Bi Carruthers akajifanya hakusikia. "Bwana Didychuk, nitakuambia ukweli maana nakuheshimu. Wajumbe wamechoka na vituko vya lile bakuli la supu. Aibu moja tu leo, linakwenda makumbusho na hiki cha kioo kinaingia kazini. Na wewe utapumzika."

"Mimi sijachoka, mama."

"Hakuna aliyesema umechoka. Nimesema utapumzika." Akakitazama kile kitambaa. "Kuna jambo lingine. Watu wa televisheni wanataka kombe lifunuliwe kabla ya mpira kuanza, si baada. Vijana wangu wako hapo nje, wanalichukua sasa hivi."

Orest akasimama mbele ya kombe kama mtu anayelinda goli. "Kitambaa kisitolewe njiani," akasema. "Fedha ikipigwa na baridi ghafla inapata, inapata..."

"Inapata nini?"

"Mafua," Doreen akasaidia.

"Weusi," akasema Orest. "Inapata weusi. Kitambaa kikae hadi dakika ya mwisho. Tafadhali."

Vijana wawili walilibeba, kitambaa na vyote. Mmoja akasema limekuwa jepesi mwaka huu. Orest akacheka kicheko ambacho hata yeye hakukitambua.

Mlango ulipofungwa akamgeukia mkewe. "Anza mwanzo. Jana, ukumbini kwa Waukraine, baada ya chakula. Nililifungua bakuli kwenye kitako ili lioshwe, nikakupa wewe mkononi."

"Nami nikaliosha, lilikuwa linanuka bia. Nikawapa kina mama waliokuwa wanafuta vyombo. Wewe ulikuwa unapiga picha na meya. Nikajua utalipitia."

"Nami nikajua umelirudisha sandukani. Nimefunga sanduku bila kuangalia kwa sababu halikucheza."

"Halikucheza kwa sababu niliweka tikiti."

Orest akaanza kutafuta viatu vyake.

"Lakini halijapotea," akasema Doreen kwa utulivu. "Nililiwekea utepe."

"Utepe gani?"

"Wa gundi, chini yake, nikaandika jina letu. Kwani ulitaka niache chombo bila jina kwenye jiko lililojaa wake za watu?"

Hapo msomaji uelewe jinsi tunavyoishi huku nyandani. Kwenye kumbi za makanisa kila mtu huja na chakula chake, na chombo kisicho na utepe wenye jina kimeshakuwa cha jamii. Chenye jina kitarudi kwao hata kama mwenyewe yuko kaburini. Kuna sufuria iliwahi kuachwa juu ya kaburi kule Yorkton, imefunikwa vizuri. Mama anayefuta vyombo hatazami hiki ni fedha au ni bati. Anakipindua, anasoma chini, anakipeleka.

"Umeandika nini hasa?" akauliza Orest. "Jina langu?"

"Jina la ukoo. Didychuk. Nani huandika jina la mume?"

Orest akakaa kitandani polepole. Yeye na Doreen wanaishi Winnipeg. Katika mji wote wa Moose Jaw, kuna nyumba moja tu ya akina Didychuk.

"Mungu wangu," akasema Doreen. "Metro."

Metro ni kaka yake Orest. Zamani, Orest akiwa bado shuleni, Metro alikuwa mpiga mpira wa Wavunaji. Siku ya fainali, matokeo yakiwa sare na upepo unang'oa mabango, aliupiga mpira ukavuka mstari wa nyuma wa wapinzani ukatoka nje, na kwa sheria zetu hiyo ni pointi moja. Pointi moja ilitosha. Walimbeba mabegani mpaka barabara kuu.

Majina ya mabingwa yalipochongwa, kibati kikajaa kabla hajafikiwa. Meneja alikuwa amemwingiza shemeji yake, ambaye kazi yake ilikuwa kubeba ndoo ya maji. Metro alipouliza, akaambiwa nafasi imekwisha.

Orest alipopewa glavu, Metro alimjia. "Sasa wewe ndiye mlinzi," akasema. "Niongeze." Orest akamjibu kwamba kanuni hairuhusu. Tangu siku ile hawasemeshani. Kwenye matanga ya mama yao, mmoja alipotaka chumvi aliiomba kupitia kwa mtu wa tatu.

Doreen alibaki hotelini; teksi ilimshusha Orest mlangoni kwa kaka yake ikaondoka. Ndani kulikuwa na kelele za watu waliovaa kijani, wengine tayari wana matikiti kichwani, wote wanakula kwanza kabla ya kwenda uwanjani. Stefka, mke wa Metro, alifungua mlango na mwiko mkononi.

"Shemeji," akasema, macho yamemtoka. Kisha akageukia ndani. "Metro, usikasirike."

Na hapo, katikati ya meza, Orest aliliona. Bakuli la Abernathy, lile analolipangusa kwa kitambaa cha hariri, lilikuwa limejaa holubtsi: wali na nyama vimeviringishwa kwenye majani ya kabichi, vinaogelea kwenye mchuzi wa nyanya. Mtoto mmoja alikuwa ameshika kichwa cha batamzinga anakinyonya.

Akashika ukuta.

"Stefka," akasema Metro kutoka kwenye kiti chake, hata hakuinua macho, "mwambie mgeni avue viatu."

"Kaka," akasema Orest.

"Stefka, mwambie mgeni kaka yake amekufa."

"Mimi sisemi kitu," akasema Stefka. "Nimekuwa simu yenu muda wote huu. Leo simu imeharibika."

Watu mezani wakainamia sahani zao. Metro akaweka uma chini na kumtazama mdogo wake kwa mara ya kwanza. Alikuwa amezeeka. Orest hakuwa amejiandaa kwa hilo, na lilimuuma.

"Kaka, unajua hicho ni chombo gani?"

"Najua sana. Mama Halyna wa kanisani kakileta leo alfajiri, kaniambia, chukua chombo chenu. Nikakipindua nikaona jina langu." Akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha. "Nikamwambia Stefka, unaona, mama mmoja na utepe wake kafanya kazi iliyowashinda wakubwa wote wa ligi. Jina langu liko kwenye kombe."

"Hilo ni jina letu sote."

"Wewe ulipiga mpira upi?"

Orest akalisogelea bakuli. "Kaka, wanakwenda kulifunua sasa hivi. Chini ya kitambaa kuna tikitimaji. Wakiliona, bakuli linatupwa makumbusho, wanaleta la kioo. Nami nimekwisha."

Mpwa mmoja akaanza kutikisika mabega, akafuatia mwingine, na meza nzima ikaangua kicheko mpaka tikiti la mtu likaanguka kwenye mchuzi. Hata Metro alibinya midomo.

"Haya, lichukue," akasema. "Mimi si mwizi."

Orest akanyoosha mikono. Stefka akampiga mwiko wa vidole.

"Chombo hakitoki nyumbani kwangu na chakula nusu," akasema. "Watasema kimekataliwa. Kaa ule."

Basi mlinzi wa kombe akakaa na glavu zake nyeupe, akala. Kila alipomaliza Stefka alimsukumia nyingine. Alikula kama mtu anayechimba shimo, macho yanalia, na katikati ya huzuni yake akagundua kwamba ni holubtsi za mama yao zile zile, na kwamba alikuwa amezikosa miaka yote hiyo.

Metro akaitazama saa ukutani. Akainuka, akachukua funguo. "Teksi haipatikani siku ya fainali. Twende."

Pikapu iliwaka kwa shida. Orest alikaa na bakuli mapajani, limeoshwa haraka haraka, bado lina joto na harufu ya vitunguu. Redioni mtangazaji alikuwa anapayuka kwamba uwanja umejaa, upepo ni mkali, na kombe limeshawekwa katikati, limefunikwa kitambaa cha kijani.

"Pita barabara ya Main," akasema Orest.

"Nimezaliwa huku."

"Pita Main tu."

"Mwone. Siku zote hizi hasemi, akianza kusema ananifundisha kuendesha."

Walikuwa wameshaanza kuona taa za uwanja pale kengele za reli zilipolia. Boriti ya kufunga njia ikashuka mbele ya pikapu. Treni ya ngano ikaingia polepole, behewa, behewa, behewa, haina mwanzo wala mwisho, kama ilivyo treni ya ngano ukiwa na haraka.

Metro akazima injini, akaacha redio. Akafungua kisanduku cha majivu ya sigara na kutoa msumari.

"Chini," akasema. "Pale utepe ulipokuwa. Niandike."

Orest akalikumbatia bakuli. "Kaka, usiniombe hilo."

"Herufi ndogo. Hakuna atakayeona."

"Sasa kama hakuna atakayeona, faida yake nini?"

"Nitajua mimi," akasema Metro. "Na wewe utajua."

"Nikikataa?"

"Ukikataa nitakufikisha vilevile. Sikutishi. Ila tutarudi kuongea kupitia kwa Stefka, na Stefka kachoka."

Behewa, behewa, behewa. Orest alitazama zile glavu zake, moja ina doa la nyanya. Alikuwa amelinda chombo hiki dhidi ya mabeki, manahodha walevi, mameya na watoto wachanga. Hakuwahi kufikiria kwamba atakayelikwaruza ni yeye. Lakini alikumbuka pia yule kijana aliyebebwa mabegani mpaka barabara kuu, na jinsi yeye, mdogo wake, alivyokimbia nyuma ya umati akimwambia kila mtu yule ni kaka yangu.

Akavua glavu. Akalipindua bakuli, akaushika msumari.

Herufi ya kwanza ilimtoa jasho. Fedha ililia kama mlango mkavu. Ya pili ilikuwa rahisi kidogo. Metro alitazama dirishani, pua yake imekuwa nyekundu, akasema ni baridi.

"Na sasa," redio ikasema, "Bi Carruthers anasogea. Ameshika pindo la kitambaa. Anatabasamu. Anavuta..."

Kisha redio ikanyamaza. Si kwamba iliharibika. Ni uwanja mzima ulionyamaza, na mtangazaji naye.

"Wasikilizaji," akasema hatimaye, kwa sauti ya mtu aliyepoteza miwani, "mimi nasema ninachokiona. Juu ya kombe kuna... ni tikitimaji. Lina matundu ya masikio."

Msumari ukasimama. Orest akafumba macho akingoja kicheko. Kilianza mbali, mtu mmoja, kisha safu nzima.

Ndipo ikasikika sauti ya Bi Carruthers kwenye vipaza sauti vya uwanja. Na yule mama, mpe haki yake, hakutetemeka hata kidogo. Akili yake ilikwenda mbio kuliko treni.

"Watu wa Moose Jaw," akasema. "Kwa miaka mingi mmeliomba kombe linalofanana na ninyi. Ligi imewasikia. Lile bakuli la zamani limestaafu rasmi. Kuanzia leo, kombe la ubingwa ni hili."

Msomaji, kelele iliyotoka kwenye ile redio ilitikisa kioo cha pikapu. Watu walikuwa wanalia, wanaimba, wanarusha kofia zao za matikiti hewani, na mtangazaji alikuwa anapiga meza kwa ngumi.

Behewa la mwisho likapita. Boriti ikainuka. Njia ilikuwa nyeupe mpaka uwanjani, na nyuma yao magari yakaanza kupiga honi.

Metro hakuwasha injini.

Orest alilitazama bakuli mapajani mwake. Tangu apewe kazi hii, hajawahi kulibeba likiwa halina pa kwenda. Chini yake palikuwa na mikwaruzo iliyopinda, MET, bado mbichi na inang'aa. Machozi yalimtoka, naye akayafuta upesi, kwa sababu yalikuwa yanadondokea fedha na fedha haipendi chumvi.

"Nimechelewa," akasema. "Nimeliharibu, na sasa halina kazi tena."

"Basi kanuni nayo imestaafu," akasema Metro. Akafunga dirisha honi zisisikike, akamsogezea mkono wake mwenyewe chini ya bakuli lisicheze. "Malizia jina, mdogo wangu. Halafu twende tukawaulize hilo tikiti lao litakaa siku ngapi kabla halijaanza kunuka."